Aliyenong'ona Chini ya Rundo

Tajiri mmoja wa ng'ambo alikuwa na timu ya mpira, na ndani ya timu hiyo walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni ule wa Wamarekani, wenye umbo la yai, unaochezwa na wanaume waliovaa kofia ngumu, wanaogongana mabega mpaka aliyekaa jukwaani akahisi maumivu yasiyo yake. Msikunje nyuso. Najua wengi wenu hamuujui, na wale wachache wanaoujua watanisubiri mlangoni wanisahihishe. Nimeuchagua kwa makusudi. Nikiwapa mfano wa mkulima na shamba, kila mmoja wenu ataangaza macho kumtafuta jirani yake ndani ya mfano, na hapo nimeshawapoteza. Kwenye mchezo huu hamna jirani.

Sheria zake ni nyingi, lakini kwa leo inatosha kujua hivi. Upande wenye mpira una mtu mmoja wa kuurusha. Huyo mrushaji akipata nafasi ya kuvuta pumzi na kutazama mbele, timu yake itasonga. Kwa hiyo mbele yake husimama majitu, bega kwa bega, ukuta mtupu, kumlinda. Upande wa pili kazi yake ni kumfikia na kumlaza chini. Wapo wanaomwendea kutoka pembeni, watu wepesi, wanaouzunguka ukuta kwa mbio. Hao ndio wanaoonekana, na hao ndio wanaoimbwa. Na yupo anayesimama katikati kabisa, pua kwa pua na ukuta, asiye na pa kuzunguka. Yeye kazi yake ni kuusukuma ukuta urudi kinyumenyume mpaka umkanyage yuleyule unayemlinda. Sasa shikeni jambo hili, kwa sababu nitalirudia. Mrushaji akimwona mtu wa pembeni anamjia, hupiga hatua moja mbele, na yule mtu hupita nyuma yake akikumbatia hewa. Lakini hatua hiyo ataipiga tu ikiwa katikati pametulia.

Ndugu wale walikuwa Wabembe, watu wa Fizi, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Mama yao aliwatoa kwenye vita, akawalea kambini, kisha akafika nao kwenye mji wa baridi ambako alipata kazi ya kukata nyama kiwandani. Mkubwa aliitwa Wilondja. Alikuwa mpana kama mlango, mzito wa mwendo mtaani, na mama yake alikuwa akimtania kwamba alikula sehemu yake na ya mdogo wake. Mdogo aliitwa Asukulu. Huyo alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye mbio zinazokatisha maneno kinywani. Mkubwa alisimama katikati, mdogo pembeni kwa upande wa kulia, na walisimama hivyo tangu shuleni mpaka tajiri yule akawachukua wote wawili.

Asukulu alilaza warushaji chini hata watu wakashona jina lake kwenye mashati yao. Timu ile ilikuwa na desturi yake. Wakishinda, wote huketi sakafuni katika chumba cha kubadilishia nguo, na kocha huuchukua ule mpira uliochezewa akamrushia mtu aliyemwangusha mrushaji. Wengine hupiga ngumi kwenye milango ya makabati ya chuma, na mvumo wake husikika mpaka barabarani. Asukulu alirushiwa mipira mingi kiasi kwamba kabati la vyombo la mama yake lilijaa, vikombe vikahamia dirishani. Wilondja hakurushiwa hata mmoja. Hata hivyo, katika kupiga kabati, hakuna aliyempita.

Tajiri alikuwa akitazama mechi akiwa juu, katika chumba cha kioo. Kioo kile kilimpa macho kikamnyima masikio. Tena alikuwa mtu aliyewahi kuibiwa na watu wenye tabasamu, na tangu hapo furaha ya mtu mwingine ilimkosesha usingizi. Akaanza kumtazama Wilondja. Akaona kwamba kila mpira unapochezwa, kijana yule huishia chini ya rundo la watu, na mrushaji huangushwa na mwingine. Akaona pia jambo la pili, na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kila baada ya kuanguka, Wilondja alimpa mkono yule adui aliyepambana naye, akamwinua, akamsogezea mdomo karibu na sikio, akasema neno. Adui alikunja uso. Kisha mchezo ukaendelea.

Kwa nini mtu amnong'oneze adui? Na kwa nini mtu anayenyimwa mpira mwaka hata mwaka apige kabati kuliko waliopewa? Tajiri aliyaweka mambo hayo mawili pamoja, akayageuza, akayalalia, na asubuhi moja yakazaa sentensi. Akamwambia kocha, "Mtu asiyeona uchungu kwa kunyimwa sifa, basi analipwa kwingine."

Itazameni sentensi hiyo. Haina tundu. Ukiishika huku inakubali, ukiishika kule inakubali, na mimi kwa sababu hiyohiyo naiogopa. Uongo huwa na mshono, ukivuta utafumuka. Shuku haina mshono. Mtu akikasirika, anaficha jambo. Asipokasirika, anaficha kubwa zaidi. Kocha alijaribu kumtetea Wilondja. Alisema, "Bwana, huyo ndiye aliyeshika timu." Tajiri alimtazama kocha kwa muda, akaanza kumshuku na yeye. Kocha akauona mtazamo ule, akakumbuka kwamba ana watoto, akanyamaza. Msimcheke kocha, maana humu ndani wamo makocha wengi.

Basi tajiri akamwita Asukulu peke yake. Hakumtukania ndugu yake, hapana. Watu wa namna ile si wajinga. Alimsifu kwanza, akamwuliza hali ya mama, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemhurumia, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Au tuseme alisema methali ya kwao yenye maana hiyo. Akamwomba jambo dogo tu: asikilize. Asimame pale pembeni anaposimama siku zote, ila atege sikio upande wa katikati, kisha aje amwambie yeye tajiri ni nini kaka yake anawanong'oneza watu wale.

Asukulu alicheka. Akatoka akicheka, akafika kwenye gari akicheka, na njiani kicheko kikaisha. Nani hajawahi kubeba neno la namna hiyo akidhani analibeba mkononi, kumbe limeshashuka tumboni? Mechi iliyofuata alitega sikio. Makelele ya uwanja hayakumruhusu kusikia, lakini aliona. Aliona mkono ukitolewa, adui akiinuliwa, midomo ikienda. Alikuwa ameyaona hayo tangu utoto wake, na hayakuwahi kumshughulisha hata kidogo. Siku ile yalimshughulisha. Na kwa sababu alikuwa akitazama katikati, alichelewa kidogo pembeni, mrushaji akamponyoka, na moyoni mwake akasema kwamba kuna mtu aliyemwonya mrushaji. Angalieni jinsi kazi ile inavyofanyika. Kosa lilikuwa lake, na tayari lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine.

Jumapili walikula kwa mama, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kama ada yao. Asukulu aliitazama mikono ya kaka yake ikimega. Vidole viwili vilikuwa vimepinda na havikurudi tena. Vilivunjwa chini ya rundo wakati fulani, hakukumbuka lini, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Akataka kuuliza neno jingine. Aliliandaa vizuri kabisa: *Yaya, unawaambiaka nini wale watu?* Yaya ndivyo kwao mdogo anavyomwita mkubwa. Swali lenyewe lilikuwa jepesi, lingejibiwa kabla tonge halijafika kinywani, na nyumba ile ingepona. Lakini aliogopa. Hakuogopa kwamba kaka atamdanganya. Aliogopa kwamba atasema kweli, na kweli iwe nyepesi, na yeye abaki na aibu ya kuwa aliwahi kuwaza vile. Akameza swali pamoja na sombe. Mama aliwatazama wote wawili akasema, "Leo munakula kama wageni."

Ikakaribia fainali, mechi ambayo timu ile ilikuwa haijawahi kuifikia. Tajiri akamwita Asukulu tena, akamwuliza kama kaka yake huongea na maadui. Asukulu akajibu, "Ndiyo, huongea nao." Tajiri akauliza kama huwainua. Akajibu, "Ndiyo, huwainua." Tajiri hakuuliza zaidi, na Asukulu hakuongeza. Kila alichosema kilikuwa kweli. Angeweza kuapa mbele ya madhabahu. Mimi nimewaona watu wengi waliouawa kwa uongo, lakini waliouawa kwa kweli iliyokatwa katikati wanazidi.

Siku ya pili Wilondja akaambiwa akusanye vitu vyake. Hakuambiwa kosa. Mtu aliyeshukiwa haambiwi kosa, kwa sababu akiambiwa anaweza kulijibu. Alikunja taulo lake, akalifunga kabati lililobonyezwa na ngumi zake mwenyewe, akamwuliza kocha neno moja tu: nani atasimama katikati? Kocha akataja jina la mtu mwingine, mkubwa wa mwili vilevile. Wilondja akatikisa kichwa, akaenda zake. Mdogo wake alikuwa chumba cha pili akifungwa bendeji kifundo cha mguu. Alisikia mlango ukifungwa. Alikaa pale mpaka bendeji ilipokwisha, na ilipokwisha akaomba nyingine.

Fainali ikafika. Yule aliyewekwa katikati hakuwa mtu mbaya. Alisimama, alisukuma, alitoa jasho. Lakini mtu mmoja wa ukuta alimtosha, na wa pili akabaki bila kazi. Nanyi mnajua kiungo kisicho na kazi hutafuta kazi. Yule wa pili akasogea pembeni, akaungana na mwenzake wa kule, wakawa wawili, na wote wawili wakamwangukia Asukulu. Hakuwahi kubanwa na watu wawili maishani mwake. Alipokwenda kulia walikuwapo, alipopinda kushoto walikuwapo. Ile mbio iliyoshonwa kwenye mashati haikupata pa kukimbilia. Na zile mara chache alizowapenya, akanyoosha mkono kumshika mrushaji, mrushaji alifanya jambo la kuudhi kwa wepesi wake. Alipiga hatua moja mbele. Katikati palikuwa pametulia, pana nafasi ya mtu kutandika mkeka. Asukulu akapita nyuma yake akikumbatia hewa.

Ilipokaribia mwisho, naye yuko chini, uso kwenye majani, mmoja wa wale wawili alimpa mkono akamwinua. Alikuwa mtu wa makamo, mzito, mwenye ndevu za mvi chini ya kofia. Kwa miaka mingi alikuwa akisimama mbele ya Wilondja kila timu hizo zilipokutana. Akamsogezea Asukulu mdomo sikioni. Alisema, "Nduguyo yuko wapi leo? Kila nilipoanguka aliniinua akaniambia, 'Peke yako hunitoshi, baba, ita mwenzako,' nami kwa hasira nilimwita, tukamwendea wawili, wewe ukapita."

Ndilo lililokuwa neno la chini ya rundo. Miaka yote hiyo Wilondja alikuwa akiwaita maadui wawili waje juu ya mwili wake, ili mdogo wake abakiwe na mmoja, au asibakiwe na yeyote. Aliwainua ili waaibike, wakiaibika waite wenzao. Vidole viliyalipa hayo. Ile mipira iliyojaa kabatini kwa mama, kila mmoja ulikuwa umepita kwanza mgongoni mwake. Ndiyo maana alipiga ngumi kabati kuliko wote. Alikuwa akishangilia kazi yake mwenyewe, nao walidhani anamshangilia mtu mwingine.

Asukulu alibaki amesimama akimtazama yule mzee wa ndevu. Walishindwa mechi ile, na hilo si kubwa. Kila mwaka kuna anayeshindwa. Lililo kubwa ni kwamba juu, nyuma ya kioo, tajiri alikuwa ameinuka kitini. Alikuwa ameona kwa macho yake adui akimwinua Asukulu. Alikuwa ameona midomo ikienda. Alikuwa ameona kwamba kijana hakukunja hata ngumi. Akageuka akamwuliza aliyekaa kando yake kama kuna mchezaji anayesimama karibu na Asukulu, mtu mwenye masikio mazuri, anayeweza kuombwa jambo dogo.

Ningeweza kuishia hapa, nanyi mngekwenda nyumbani mkimlaani tajiri. Nawaona baadhi yenu mmeshaanza kutafuta viatu. Ninaowashuku zaidi ni wale wanaotikisa vichwa.

Jumapili Asukulu alikwenda kwa mama. Alikuwa amepanga la kusema tangu uwanjani, na safari hii aliapa hatalimeza. Mama alikuwa zamu ya kiwandani. Aliyefungua mlango ni Wilondja, amevaa aproni ya mama, isiyomtosha hata nusu. Asukulu akasema yote palepale kizingitini. Alisema kwamba aliulizwa akajibu, kwamba alisema *ndiyo* mara mbili, na kwamba alijua wakati anasema kwamba jibu lake si zima. Alilia, wala hakujificha. Wilondja alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Nilijua," akasema. "Ingia ukule, mdogo wangu, sombe itapoa."

Hakumlaumu. Hakumwuliza kwa nini. Alimwekea sahani, akampa kipande kikubwa cha samaki, akaketi ng'ambo ya meza, akaanza kula kwa vile vidole vilivyopinda, huku akimsimulia habari ya mpangaji wa juu na mbwa wake. Asukulu alimega tonge. Alikuwa amesamehewa, tena bila masharti, na chumba kizima kilinukia mawese. Na hapo, tonge likiwa njiani, akamtazama kaka yake usoni, akautafuta uchungu asiuone, na kutoka katikati kabisa ya moyo wake ikapanda sauti aliyoijua, laini, yenye huruma, isiyo na mshono: *Mbona huyu hakasiriki?*

Akaliweka tonge chini.

Tajiri hakuwamo katika nyumba ile. Kioo hakikuwamo. Nani basi alikuwa akisema? Enyi mnaolinda milango na madirisha, mnaojua kumkwepa kila adui anayewajia kutoka pembeni kwa kupiga hatua moja mbele: huyo aliyekwisha kusimama katikati yenu, mtapiga hatua kwenda wapi?